Barua Isiyo na Salamu

Kutwa nzima nilikuwa nachapa barua za kuomba kazi za watu wengine, na yangu mwenyewe sikuthubutu kuianza.

Steshenari niliyofanyia kazi ipo Tabora mjini, jirani na ofisi za serikali, na wateja wetu wakubwa walikuwa watafuta kazi. Anaingia kijana kashika bahasha ya kaki, anahema, tangazo linafungwa leo hii. "Dada, nifanyie barua haraka." Simuulizi mengi. Nafungua barua ya mfano iliyokuwemo kwenye kompyuta tangu kabla sijafika pale, nabadilisha jina, anwani na kazi inayoombwa, naichapa, anasaini akiwa ameegemea kaunta, anatoka mbio kuwahi bajaji. Barua ile ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Ilisema mwombaji ni mchapakazi, mwaminifu, na anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila kusimamiwa. Madereva, walimu wa chekechea, wapishi wa hosteli, wote tuliwapeleka maofisini wakiwa watu wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Sentensi hiyo niliielewa kwa sababu bosi wangu alinitafsiria siku moja akiwa na furaha. Zilizobaki nilizipitisha tu, kama mtu anayefuma kitambaa kwa kuangalia cha mwenzake.

Nilikuwa na cheti cha uhazili, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Lakini mteja akiniuliza, "Dada, hapa wamesema nini?" nilijifanya karatasi imekwama kwenye mashine. Nikainama kule nyuma, nikafungua mlango wa mashine na kuufunga, mpaka achoke kusubiri jibu. Nilikuwa naogopa Kiingereza kwa namna ya aibu, mwanamke mzima.

Niseme mapema nilichokuwa nakitafuta, maana haikuwa kazi peke yake. Mume wangu alifariki kwa ajali ya pikipiki binti yetu akiwa bado anabebwa mgongoni. Tulipomaliza matanga kwao Ziba, wilaya ya Igunga, wanaume wa ukoo walikaa kikao nje, sisi wanawake tukiwa ndani tunasikiliza kupitia dirishani. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa wote, kwa hiyo mtoto ni wa kwao, hilo halikuwa na mjadala. Shemeji yangu mkubwa ndiye aliyefunga kikao. Alisema mtoto abaki kwa bibi yake mpaka mama yake atakapopata kazi ya kueleweka. Mama mkwe wangu hakusema neno. Mimi nami sikusema neno. Nilirudi Tabora mgongo ukiwa mwepesi, na wepesi ule ulinitisha.

Kila nilipopata nafasi nilikwenda Ziba kumwona. Kule mkamwana haingii uani na shida yake mkononi. Unapiga goti, unaamkia, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, pamba, wagonjwa, majirani wa kulia na wa kushoto. Ukiwa na ombi, linakuja mwisho kabisa, tena kwa kuzungushwa, ili mwenye nyumba alione lenyewe kabla hujalitaja. Ombi langu mimi halikuwahi kufika huko mwisho. Tuliulizana ng'ombe mpaka jua linatua, na asubuhi yake naondoka na kifurushi cha michembe, viazi vile vilivyokaushwa, na mtoto anasimama kwenye uzio ananipungia mkono. Ndani ya gari nilikuwa najitukana. Alikuwa akikua kwa hatua ndefu, kila nikienda namkuta na meno mengine, na safari moja, akiwa ameshaanza shule, nilimkuta anamwita bibi yake mama.

Baada ya safari hiyo ndipo nilipoliona lile tangazo. Kampuni moja ya pale mjini, inayonunua asali kwa warina asali wa Usinge na kwingineko, ilitaka mtunza kumbukumbu wa ofisi. Cheti cha uhazili kinatosha, na barua zinapokelewa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nililisoma nikiwa nalitoa kopi kwa ajili ya mteja, nikalisoma tena. Halafu nikafika chini. Barua iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, kwa lugha ya Kiingereza. Nadhani na wao walishachoka kupokea ile barua yetu moja. Nikampa mteja kopi yake, na nyingine nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Watu wa nje huwa wanashangaa tunapowaambia kwamba Tabora tunajivunia Kiswahili chetu. Misafara ya zamani ilipita hapa na kulala hapa, lugha ikakaa, na hata bibi zetu waliozaliwa vijijini walijua kukunja sentensi ikasimama. Mimi kwa Kiswahili sishindwi. Nikianza kumsema mtu sokoni, mchuuzi anaacha kupanga nyanya anasikiliza. Ndiyo maana Kiingereza kilinitia hofu zaidi, kwa sababu kilinifanya bubu mbele ya watu ambao kwa Kiswahili ningewaweka mfukoni.

Hofu hiyo nilianza kuilea sekondari. Shule yetu ilikuwa na kibao kidogo cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili au Kinyamwezi, unavishwa shingoni, na wewe unamtega mwenzako umvishe. Atakayekutwa nacho jioni, fimbo zinamngoja mstarini. Wenzangu walijifunza Kiingereza kwa kukikwepa kibao kile. Mimi nilijifunza kunyamaza. Nilikaa kimya darasani, bwenini, hata jikoni, nikawa napewa sifa ya kuwa binti mtulivu. Utulivu gani, nilikuwa nasikia kamba shingoni hata nikiwa sijavaa kitu.

Mteja mmoja, dada wa kwaya, ndiye aliyeniambia kwamba kwenye ukumbi wa kanisa lao la Moraviani kuna mwalimu mstaafu anawafundisha watu kuandika barua za kazi, Jumamosi mchana, baada ya mazoezi ya kwaya. Nilikwenda. Nilifika mlangoni, nikasikia sauti ya mtu anasoma Kiingereza kwa nguvu, nikageuka kurudi. Mwalimu akatoka. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, kavaa kitenge na raba.

"Shikamoo mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Umekuja darasani au umekuja kusafisha ngazi?"

Nikaingia. Tulikuwa watu wachache, wengi wao wadogo kuliko mimi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu na ulikuwa wa kutisha. Unaandika barua nyumbani, unakuja nayo, unasimama mbele unaisoma, kila mtu anasikia. Akikusimamisha njiani, unasimama papo hapo mpaka umalize kuirekebisha kwa mdomo. Hakuna kukaa.

Barua yangu ya kwanza niliifanyia kazi wiki nzima, nikiwa na kamusi yangu iliyopoteza jalada. Niliona aibu kumwandikia meneja, mtu mzima nisiyemjua, bila kumkaribia kwa adabu. Kwa hiyo nilianza kwa kumwomba apokee salamu zangu nyingi. Nikamwambia mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yake yeye, familia yake na wafanyakazi wote wa kampuni. Nikamuuliza mvua huko kwake zimeanzaje, na kwetu zimechelewa kidogo lakini tunamshukuru Mungu. Ofisi yake yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika chache kwa baiskeli kutoka nilipopanga. Yote hayo kwa Kiingereza, neno moja moja, nimelibeba kutoka kwenye kamusi kama mtu anayehamisha vyombo vya udongo.

Nilisimama nikaisoma. Mwalimu hakunisimamisha. Alinyamaza mpaka nikafika chini ya ukurasa, na huko kunyamaza kwake kukaniogopesha kuliko vile ambavyo angenikatiza.

"Geuza karatasi," akasema. "Umeomba nini mpaka hapo?"

"Bado, mwalimu. Ipo ukurasa wa nyuma."

"Sasa niambie, mwanangu. Hii ni barua ya kazi au ya posa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kuna kijana alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilisikia joto limenipanda masikioni, hofu na hasira pamoja, na kwa mara ya kwanza hasira ikawahi.

"Mwalimu, kwetu ukimwendea mtu mzima na shida yako kabla hujamjulia hali, umemtukana."

"Hata kwetu. Unadhani mimi nimezaliwa Ulaya?" Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Lakini huyu unayemwandikia ana lundo la barua mezani na chai yake inapoa. Heshima yake yeye ni usimchoshe. Mwambie unataka nini. Mwambie kwa nini wewe. Halafu nyamaza. Kunyamaza unajua, nimekuona tangu uingie."

Akanitaka nimwambie pale pale, kwa sentensi moja ya Kiingereza, ninachokitaka. Sikuweza. Siyo kwamba maneno sikuwa nayo, yalikuwemo kwenye barua ukurasa wa nyuma. Nilishindwa kuyatanguliza. Kila nikifungua mdomo zinatangulia salamu. Alinisimamisha pale mpaka kipindi kikaisha, wenzangu wakaondoka wakinipa pole kwa macho, na yeye akakaa kwenye benchi anachezea kamba ya miwani, ananingoja. Mwishowe nikasema kwa sauti ndogo kwamba ninaomba kazi ya kutunza kumbukumbu. Nikafumba macho, sijui nilikuwa nangoja nini kinipige.

"Umeona?" akasema. "Paa bado lipo."

Tangu siku hiyo nilifanya mazoezi kila mahali. Niliiambia mashine ya kopi ninachokitaka. Nikaliambia jiko la mkaa. Bosi wangu alinikuta naongea na kalenda akauliza kama nimeanza kuombewa. Jumamosi kwa Jumamosi barua ilipungua. Mvua zikatoka. Familia ya meneja ikatoka. Shinikizo nililoliazima kwenye barua ya steshenari mwalimu alilifuta mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akauliza shinikizo gani ninalijua mimi. Nilikaa nikafikiri. Nikaandika kwamba nimefanya kazi mahali ambapo watu wanafika wakiwa wamechelewa na wana hofu, na karatasi zao hazijawahi kupotea mikononi mwangu. Hilo lilikuwa la kweli, na kwa Kiingereza lilikaa kwenye mstari mmoja na kipande. Nililitazama kwa muda, likanifanya nilie kidogo.

Ilipobaki nusu ukurasa, nilijisikia kama nimetolewa nje bila kanga. Niliipeleka kwa mkono. Mlinzi wa getini aliipokea, akaiweka juu ya meza karibu na redio yake, na mimi nikabaki nimesimama, sitaki kuondoka. Nilitaka kumwomba anirudishie niongeze neno moja tu la kumtakia meneja afya njema. Akaniuliza, "Kuna kingine, mama?" Nikasema hapana, nikaondoka haraka kabla sijafanya ujinga.

Waliponiita kwenye usaili nilikosa hamu ya kula. Niliwaza hivi: barua ile imekwenda mbele yangu ikiwa imenyooka, sasa wanataka kumwona mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu. Walikuwa watu watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, na barua yangu ilikuwa mbele yao mezani. Mwanamume akaniambia kwa Kiingereza nijieleze. Basi, kila kitu kikanitoka. Niliangalia meza, nikaona ukingo wake umebanduka, nikasikia ile kamba ya sekondari inanikaza shingoni. Mwanamke mmoja akaanza kupanga karatasi zake, na mimi ninajua maana ya mtu kupanga karatasi, ni kazi yangu ile.

Ndipo nikasema. Nilisema kwa Kiingereza kwamba naitaka kazi hii. Sikuamkia, sikuuliza hali. Naitaka kazi hii, na mimi sipotezi karatasi za watu. Sauti ilitoka kavu, na nadhani kulikuwa na kosa mahali. Mwanamume akainua uso. Mwanamke aliyekuwa anapanga karatasi akaziacha. Wakaniuliza mengine mawili matatu kwa Kiingereza, nikajibu kwa vipande, kisha, kama inavyokuwa kwetu, maongezi yakahamia Kiswahili yenyewe na hakuna aliyeona yamehama. Huko kwenye Kiswahili nikapumua. Lakini nilitoka nje bado nimebana vidole vya miguu ndani ya viatu.

Simu ilipigwa nikiwa natoa kopi. Niliiacha ikaita mpaka ikakata. Nilikuwa naiangalia tu kwenye kaunta inatetemeka. Ikaita tena, bosi akaipokea kwa niaba yangu, akasikiliza, akanyoosha kidole gumba juu, na mimi nikakaa chini sakafuni katikati ya maboksi ya karatasi. Nilidhani nitafurahi kwanza. Kilichokuja kwanza ni Ziba. Sasa sikuwa na kisingizio tena, ilibidi nikaombe.

Shule zilipofunga nikapanda basi la Nzega, nikaunganisha. Njia nzima nilipanga maneno. Nitaanza na ng'ombe, nikafikiri, halafu mvua, halafu nitaitaja kazi kwa mbali, halafu labda yeye mwenyewe atasema. Nilikuwa najua kabisa ninavyojidanganya. Nilikuwa najua kwamba nikianza na ng'ombe, nitarudi na michembe.

Nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka uani, anamenya karanga, debe likiwa pembeni yake. Alikuwa peke yake. Nilipiga goti, nikatua kikapu, nikafungua mdomo.

"Mama, nimekuja kumchukua mwanangu."

Ilitoka hivyo hivyo, tupu. Katika maisha yangu sijawahi kumvamia mtu mzima na ombi namna ile, na huyu si mtu mzima tu, ni mama wa marehemu mume wangu, na mimi nipo uani kwake nimepiga goti kama mgeni aliyekuja kuiba mchana. Aliacha kumenya. Karanga moja ilikuwa katikati ya vidole vyake, haijavunjwa.

"Hata shikamoo?" akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaivunja ile karanga. Akatupa maganda pembeni. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nangoja aniambie nitoke, nangoja amwite shemeji, nangoja hata kibao cha mbao kitoke nyumba ya pili.

"Tangu mwanangu afariki unakuja hapa," akasema, polepole. "Unaniuliza ng'ombe. Unaniuliza mvua. Yule mbwa mzee hata mimi nilikuwa nimemsahau, wewe ulimuulizia. Mtoto hujawahi kumuulizia. Mwanzoni kila ukija nilikuwa naogopa utamtaja, ukianza ng'ombe napumua. Baadaye nikaanza kukuchukia. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana mambo yake mjini, mtoto hamtaki."

"Mama, kikao kilisema mpaka nipate kazi, na sasa ndiyo nimeipata."

"Kikao kilikuwa cha shemeji yako. Aliyekuwa analala na mtoto ni mimi. Ungeniomba mimi. Leo umeniomba, basi mchukue; shemeji yako nitaongea naye mimi."

Sentensi ile niliyoiogopa mdomoni mwangu miaka yote, mwenzangu naye alikuwa anaiogopa upande wa pili wa mkeka, tumekaa tunahesabiana ng'ombe. Nililia, na yeye hakunibembeleza. Alinisogezea sinia la karanga nimenye.

Binti yangu akarudi kutoka bombani, ndoo ya maji kichwani. Akaitua, akafuta mikono kwenye gauni, akaja akapiga goti mbele yangu kama alivyofundishwa. Shikamoo mama. Habari za safari. Habari za Tabora, za kazini, za jirani zako. Na huko mvua zimeanza? Alikuwa anauliza vizuri sana, kwa mpangilio, bila kuruka hata kimoja, na macho yake yalikuwa yananiangalia usoni yakitafuta kitu. Nikajiona mimi mwenyewe nimepiga goti pale, mdogo, na ombi langu limekaa huko mwisho halifiki. Hofu niliyoipata hapo ilizidi ya kwenye usaili.

Nikamwambia nimekuja kumchukua tukaishi wote, na bibi amekubali. Nikamwambia mvua tuziache kwanza, aseme yeye anataka nini.

Alimwangalia bibi yake. Bibi akaendelea kumenya, uso ameuelekeza kwenye debe. Mtoto akaokota ganda la karanga, akalivunja vipande vipande, na mimi sikumharakisha.

"Naogopa," akasema.

Nikamwambia hata mimi. Akaja akakaa katikati yetu kwenye mkeka, akachukua karanga kwenye sinia langu, tukamenya wote watatu.